Jean Piaget na kumbukumbu ya tukio ambalo halikutokea

Mama mmoja mjamzito aliketi mbele yangu kliniki akiwa na majibu ya maabara mkononi. Kipimo kilionyesha ana kaswende. Nilimweleza kwamba ugonjwa huo unatibika, na kwamba kwa mjamzito dawa ya kutegemewa ni moja tu, sindano ya penisilini, kwa sababu ndiyo inayomkinga na mtoto aliye tumboni. Bila tiba, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kufia tumboni, au akazaliwa akiwa ameambukizwa.

Alikataa. Alisema alipokuwa na miaka miwili alichomwa sindano hiyo na nusura afe. Hakuwa akisimulia mambo aliyoambiwa. Alikuwa anakumbuka. Alikiona kitanda cha chuma chenye rangi ya kijani, alimwona muuguzi ameshika bomba la sindano, alimwona mama yake akipiga kelele huku khanga ikimdondoka. Machozi yalimlengalenga alipokuwa akieleza. Sikuwa na shaka kwamba alikuwa anasema kile anachokiona akilini mwake.

Nitarudi kwa mama huyu mwishoni. Kwanza, msomaji wangu, nataka nikusimulie maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 40 iliyopita. Kisa chake cha utotoni hunisaidia kila ninapokutana na mgonjwa wa namna hii.

Mtoto wa Neuchâtel

Jean Piaget alizaliwa tarehe 9 Agosti 1896 katika mji wa Neuchâtel, nchini Uswisi. Kama umepita chuo cha ualimu, jina lake si geni kwako. Ndiye aliyezigawa hatua za ukuaji wa akili ya mtoto ambazo walimu wengi bado wanafundishwa.

Baba yake, Arthur, alikuwa mwanahistoria na mtaalamu wa maandishi ya kale. Alijipatia sifa kwa kuonyesha kwamba kitabu kimoja cha kumbukumbu za kale, ambacho watu wa Neuchâtel walijivunia, kilikuwa cha kughushi. Alikuwa mtu wa kudai ushahidi. Mama yake, Rebecca, alikuwa mwanamke mwerevu na mwenye ari, lakini afya yake ya akili ilikuwa na misukosuko iliyofanya maisha ya nyumbani yawe magumu. Piaget mwenyewe alikuja kueleza kwamba hali hiyo ilimfanya aache michezo mapema na kujificha kwenye kazi za maana, akimwiga baba yake.

Kazi zenyewe alizianza mapema kweli. Mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka kama 10, alimwona bustanini shomoro ambaye sehemu ya manyoya yake ilikosa rangi. Aliandika ukurasa mmoja tu kuhusu ndege huyo, na ukachapishwa katika jarida la wapenda mazingira wa mji wao. Baada ya hapo alipata nafasi ya kumsaidia mkurugenzi wa makumbusho ya viumbe, mzee Paul Godet, kupanga na kuandika majina kwenye magamba ya konokono baada ya saa za shule. Alipofika sekondari alikuwa tayari anachapisha makala za kitaalamu kuhusu konokono. Mwaka 1918 alipata udaktari wa sayansi, akiwa na miaka 22 tu.

Shika picha hiyo: kijana anayepima, anayeandika, aliyelelewa na baba aliyebobea kufichua uongo wa maandishi. Sasa sikiliza kilichomtokea.

Tukio la Champs-Élysées

Tangu utotoni Piaget alikuwa na kumbukumbu moja iliyo wazi kuliko nyingine zote za umri ule. Aliiweka katika mwaka wake wa pili wa maisha. Alikuwa ameketi katika kigari cha mtoto, yaya wake akikisukuma kwenye barabara maarufu ya Champs-Élysées jijini Paris. Ghafla mwanamume mmoja akajaribu kumteka. Mkanda uliomfunga kwenye kigari ukamzuia asinyakuliwe. Yaya akajitosa kati yake na mtekaji, akapambana kwa ujasiri, na akaishia na mikwaruzo usoni. Watu wakajaa. Akatokea askari aliyevaa joho fupi na kushika kirungu cheupe, na yule mtekaji akatimua mbio.

Piaget aliiona mikwaruzo usoni mwa yaya. Alimwona askari na kirungu chake. Alijua hata mahali penyewe: karibu na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Wazazi wake walishukuru sana, wakampa yaya saa kama zawadi ya ushujaa wake.

Piaget alipokuwa na miaka kama 15, wazazi wake walipokea barua kutoka kwa yaya huyo, ambaye zamani alikuwa ameshaondoka kazini. Alikuwa ameokoka na kujiunga na Jeshi la Wokovu, na sasa alitaka kuungama makosa yake ya nyuma. Alitaka hasa kurudisha ile saa. Hakukuwa na mtekaji. Hakukuwa na askari. Hadithi yote aliitunga, na mikwaruzo alijitia mwenyewe.

Fikiria umepokea habari hiyo wewe. Tukio unaloliona kwa macho ya akili, lenye rangi, sura za watu na mahali, unaambiwa kwamba halikutokea.

Maelezo aliyoyatoa Piaget ni rahisi. Alipokuwa mdogo aliwasikia wazazi wake wakisimulia kisa hicho, nao walikiamini kwa moyo wote. Akili yake ya kitoto ikachukua maneno yale, ikayachora picha, kisha ikaisukuma picha ile nyuma katika wakati na kuiweka kama jambo aliloliona mwenyewe. Kumbukumbu yake ilikuwa ya kweli kwa maana moja tu: alikumbuka kusimuliwa.

Mimi nikikisoma kisa hiki hukwama kwenye kile kituo cha treni. Treni za chini ya ardhi za Paris zilianza kubeba abiria Julai 1900, wakati Jean alikuwa anakaribia miaka minne. Mtoto wa mwaka wa pili asingeweza kukiona kituo ambacho kilikuwa hakijafunguliwa. Ubongo ulichukua kitu cha baadaye ukakipachika kwenye picha ya awali, kama fundi anayejenga nyumba kwa matofali ya rika tofauti, kisha akapaka rangi moja juu yake. Ukiitazama nyumba hiyo kutoka nje huoni kiungo.

Kuna jambo jingine la kushangaza. Piaget alikisimulia kisa hiki katika kitabu chake kuhusu michezo, ndoto na uigaji wa watoto, kilichotoka mwaka 1945, akiwa anakaribia miaka 50. Kufikia hapo alikuwa anajua ukweli kwa zaidi ya miaka 30. Lakini bado aliiona picha ile. Kuujua ukweli hakukuifuta.

Mtu wa kuwauliza watoto

Baada ya masomo ya konokono, Piaget aligeukia saikolojia. Mwaka 1919 alikwenda Paris, na huko daktari Théodore Simon alimpa kazi ya kuwapima wanafunzi kwa maswali ya kufikiri. Kazi ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Yeye akavutiwa na majibu yaliyokosewa. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna ile ile, maana yake wana njia yao ya kufikiri inayotofautiana na ya mtu mzima. Mwaka 1921 aliitwa Geneva kufanya kazi katika Taasisi ya Jean-Jacques Rousseau, na jiji hilo likawa makao ya kazi yake hadi mwisho. Mwaka 1923 alimwoa Valentine Châtenay, wakapata watoto watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent. Wazazi hao waliwafuatilia watoto wao tangu uchanga wakiandika waliyoyaona.

Wataalamu waliomfuata wameonyesha kwamba watoto wanaweza mambo mengi mapema kuliko alivyodhani. Lakini kuna somo lake moja ambalo halijachakaa, nalo ni namna ya kumuuliza mtoto. Katika kitabu cha mwaka 1926 aliyagawa majibu ya watoto katika makundi matano. Kuna mtoto anayejibu lolote ili aachwe. Kuna anayetunga hadithi na kuifurahia. Kuna anayejibu kile anachohisi muulizaji anataka kusikia. Kuna anayefikiri pale pale, kwa akili yake, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Na kuna ambaye jibu lilikuwa tayari moyoni mwake kabla hujauliza. Alionya kwamba kutenganisha makundi hayo ni kazi ngumu, inayohitaji si chini ya mwaka mzima wa mazoezi ya kila siku.

Mzazi, soma tena kundi la tatu. Mtoto wako anakutazama usoni. Ukiuliza huku umeshika jibu, atakupa jibu lako.

Uzeeni Piaget alirudi kwenye kumbukumbu. Mwaka 1968, pamoja na mwenzake Bärbel Inhelder, alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu na akili. Watoto walionyeshwa vijiti 10 vilivyopangwa kuanzia kirefu hadi kifupi. Baada ya wiki moja wakaombwa kuchora walichokikumbuka, na wadogo wengi walichora vibaya. Baada ya miezi kama sita hadi minane, bila kuonyeshwa tena, wakaombwa kuchora upya. Wengi walichora vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Kumbukumbu ingekuwa picha iliyowekwa kabatini, ingefifia tu. Hapa ilibadilika kadiri akili ya mtoto ilivyokua na kuelewa maana ya mpangilio.

Piaget alifariki Geneva tarehe 16 Septemba 1980, akiwa na miaka 84.

Kwa nini ubongo hutudanganya

Ubongo hautunzi matukio kama simu inavyotunza video. Sauti, sura, harufu na hisia huhifadhiwa katika sehemu mbalimbali, na unapokumbuka, vipande hivyo hukusanywa na kuungwa upya. Palipo na pengo, ubongo hujaza kwa kile unachokijua, ulichoambiwa au ulichokiona kwenye picha ya ukutani. Kisha kilichoungwa huhifadhiwa tena pamoja na viraka vyake.

Udhaifu mwingine ni kwamba ubongo hukumbuka habari lakini husahau ilikotoka. Baada ya miaka, jambo uliloliona, uliloambiwa na ulilolifikiria vinaweza kufanana kabisa. Ndiyo maana uwazi wa kumbukumbu, hisia kali au machozi si ushahidi kwamba jambo lilitokea.

Watu wazima walio wengi hawana kumbukumbu ya kweli ya matukio ya kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Mtu anayeona kwa ufasaha tukio la umri wa mwaka mmoja au miwili, mara nyingi anaona alichosimuliwa.

Na si watoto peke yao. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Loftus, na mwanafunzi wake walichapisha utafiti wa watu wazima 24. Kila mmoja alipewa visa vitatu vya kweli vya utoto wake vilivyotoka kwa ndugu, na kimoja cha kubuni, kwamba aliwahi kupotea dukani. Watu 6 walisema wanakikumbuka kisa hicho cha kubuni, chote au sehemu yake. Hakuna aliyekuwa mwongo miongoni mwao. Mwongo anajua anadanganya. Mwenye kumbukumbu isiyo ya kweli hajui.

Ufanye nini nyumbani

Kwanza, ukihisi jambo baya limempata mtoto wako, mwombe akueleze kilichotokea kwa maneno yake, kisha nyamaza umsikilize. Usimtajie jina la mtu, wala usimuulize kama fulani ndiye aliyemgusa au kumpiga. Akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Usimrudishe kwenye maswali hayo kila jioni, wala usimsimulishe mbele ya majirani.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Elimu hii isiwe fimbo ya kuwanyamazisha watoto. Mtoto anayesema ameumizwa achukuliwe kwa uzito siku hiyo hiyo. Mpeleke hospitali, kwenye kituo cha mkono kwa mkono kama kipo karibu, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Unaweza pia kupiga simu ya msaada kwa watoto namba 116 bila malipo. Kazi ya kumhoji waachie waliofundishwa. Maswali mabaya yanaweza kuharibu ushahidi wa mtoto aliyeumizwa kweli.

Pili, andika historia ya afya ya mtoto. Kadi ya kliniki usiitupe anapoanza shule. Mtoto akipata shida baada ya dawa, andika jina la dawa, tarehe, shida ilianza baada ya muda gani, ilionekanaje, na alitibiwa vipi. Mistari mitano ya kalamu inashinda kumbukumbu ya ukoo mzima.

Tatu, angalia unavyosimulia. Mtoto anayesikia kila wiki kwamba yeye ni mgonjwa wa kufa aliyeponea chupuchupu, au kwamba bibi fulani alitaka kumdhuru, anaweza kukua akiyaona hayo kwa macho yake. Kama jambo huna hakika nalo, mwambie huna hakika nalo.

Nne, kama unaamini una mzio wa dawa, mwambie kila daktari anayekutibu, na mweleze umejuaje: uliliona mwenyewe ukiwa mkubwa, uliambiwa, au limeandikwa mahali? Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba takriban watu 9 kati ya 10 walioandikiwa kuwa na mzio wa penisilini, wakipimwa vizuri, hukutwa wanaweza kuitumia. Sababu ni nyingi: kuna mzio unaoisha na miaka, kuna vipele vilivyoletwa na virusi, na kuna simulizi za familia. Lakini usijipime nyumbani hata siku moja. Mzio wa kweli unaua. Kuvimba uso au midomo, kupumua kwa shida au kuzimia muda mfupi baada ya dawa ni dharura ya kukimbizwa hospitali.

Turudi kwa yule mama

Nilimwomba ampigie simu mama yake tukiwa pamoja. Bibi alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa mshangao nani aliyemwambia ni yeye. Aliyedhurika ni kaka yake mkubwa, na ilikuwa mwaka mmoja kabla yeye hajazaliwa. Kisa hicho kilisimuliwa kila mara kwenye mikusanyiko ya familia, naye alikuwa mtoto aliyekaa mkekani akisikiliza. Jina la dawa bibi hakulijua.

Sikutaka kuiondoa kumbukumbu moja kwa kuegemea nyingine. Bibi naye ni binadamu. Nilimpa rufaa, akapimwa mzio hatua kwa hatua katika hospitali yenye wataalamu na vifaa vya dharura. Hakuwa nao. Alichomwa sindano chini ya uangalizi, mume wake naye akapimwa na kutibiwa, na miezi michache baadaye akajifungua salama mtoto mwenye afya.

Alipokuja kunionyesha mtoto nilimuuliza kuhusu kile kitanda cha kijani. Akacheka. Aliniambia bado anakiona, na muuguzi bado anamwona, na khanga ya mama yake bado inadondoka. Ila siku hizi, kikimjia, anajua kwamba ni cha kaka yake.

Msomaji wangu, leo jioni chukua jambo moja la utoto wako ambalo una hakika nalo kabisa, hasa linalohusu afya yako, na uwaulize waliokuwepo. Kama kuna kadi au karatasi ya zamani, itafute. Tukutane wiki ijayo.